Ombi la Kumrudisha Mama Kabla Hajamaliza Ngazi

Kwa Baba Mkwe,
Nyumbani.

Shikamoo Baba.

YAH: KUOMBA UMWITE MAMA ARUDI KABLA HAJAMALIZA NGAZI ZA MLANGO WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na maua yako ya mbele ya nyumba yanachanua bila kukanyagwa na mtu. Sisi huku hatujambo. Binti yako hajambo. Mjukuu wako hajambo, ameota meno mapya na anayafanyia majaribio kwenye vidole vyangu. Mama naye, mkeo, hajambo kabisa, na hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Baba, mimi si mtu wa malalamiko. Wewe mwenyewe ni shahidi. Siku nilipokuja kujitambulisha kwako uliniacha nimesimama juani mpaka mpira wa redioni ulipoisha, na kipindi cha pili kiliongezewa dakika, nami sikufungua mdomo. Kwa hiyo ukiona mkweo ameshika kalamu, ujue maji yamezidi unga. Ili usiseme nimelalamika ovyo ovyo, nimeyapanga mambo yangu kwa namba, kama ninavyopanga vifungo kwenye shati.

1. Kuhusu kreti.

Nyumba yetu, kama unavyokumbuka, ilijengwa na mtu aliyeogopa mafuriko kuliko alivyopenda wageni. Msingi ni mrefu, mlango uko juu, na ukisimama nje kizingiti kinakufika mapajani. Tangu tuhamie, ngazi yetu imekuwa kreti ya soda iliyogeuzwa kifudifudi juu ya tairi la lori lililojazwa udongo. Nilimwahidi binti yako kwamba nitajenga ngazi za kweli mambo yakitulia. Mambo hayajatulia. Hilo sioni kama ni kosa langu.

Tena kreti ile ilikuwa na faida zake. Ilichuja wageni. Mwenye shida ya kweli alipanda, mwenye umbea alisalimia kutoka chini akaenda zake. Wauza vyombo hawakuthubutu. Nyumba yenye mlinzi wa namna hiyo haihitaji mbwa.

Mama alipofika na mkoba wake nilimpokea kwa heshima zote, nikamwambia, "Mama, kanyaga katikati." Akakanyaga pembeni. Kreti ikateleza, naye akakaa kwenye beseni la nguo alizokuwa akifua binti yako. Hakupiga kelele. Alikaa mle ndani ya mapovu, akalitazama tairi, akautazama mlango, akasema taratibu, "Kumbe ni hapa." Mimi nikadhani anashukuru kwamba amefika salama.

Sivyo, Baba. Ule mkoba tuliodhani umejaa nguo za mtoto ulikuwa na mwiko wa kujengea, uzi wa kunyooshea ukuta, na pima maji, kile kipimo chenye kipovu kinachoonyesha kama tofali limelala sawa. Nguo za mtoto zilikuwemo pia, nisimsingizie. Zilikuwa zimezungushiwa pima maji isije ikapasuka kioo.

Asubuhi yake nilipoamka nilikuta tairi limebingirishwa hadi uani kwa jirani, na kreti imerudishwa dukani. Mwenye duka alimshukuru sana Mama, akasema alikuwa akiitafuta kwa muda mrefu. Naomba hilo tusilizungumze.

2. Kuhusu futi yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Jembe langu ni futi ya kupimia, nami huivaa shingoni kama daktari anavyovaa kile chombo chake cha kusikilizia kifua. Mama aliiazima kupima urefu wa msingi. Aliirudisha, sikatai, lakini kabla ya kuirudisha alikuwa ameisahau ndani ya karai la rojo la saruji. Sasa imekakamaa kama ubao. Nikimzungushia mtu kiunoni inatoa sauti ya mlango wenye kutu.

Dereva wa lori anayekaa mtaa wetu, unamkumbuka, nilimpima suruali kwa futi hiyo, na suruali ikatoka na nafasi ya kumkaribisha mwenzake. Nilipomweleza Mama madhara hayo, kwa upole kama inavyonipasa, alinijibu, "Kitambaa kinasamehe, mwanangu. Tofali halisamehe." Nikamwambia kwamba dereva wa lori naye hasamehe. Akasema aletwe. Akaletwa. Yaliyompata nitayaeleza mbele.

3. Kuhusu dirisha.

Baba, chumba changu cha kushonea ndicho kile cha mbele. Wateja huingia kwa mlango wa mbele. Sasa Mama alichimba mtaro mbele ya mlango huo ili ngazi zipate msingi wao, akamwaga kokoto, akashindilia, akatangaza kwamba hapakanyagwi. Mlango wa nyuma upo, lakini unapita jikoni, na jikoni ndiko mifuko ya saruji ilikopangwa ili isipate unyevu. Mimi na binti yako tunapita kwa ubavu tukivuta pumzi. Mteja wa kawaida hawezi.

Mwalimu wa kwaya ndiye mteja wangu mkubwa, na nasema mkubwa kwa maana zote. Ni mtu wa sauti ya besi na mwili unaolingana nayo. Alikuja kupimwa suti ya harusi ya mdogo wake. Ilibidi asimame nje juu ya kigoda, mimi nining'inie dirishani kuanzia kiunoni kwenda juu, na binti yako anishike miguu kwa ndani. Kila mpita njia aliyemsalimia mwalimu, mwalimu aliitika kwa kuinama, maana ni mtu wa adabu, na kila alipoinama kipimo kilipotea, tukaanza upya.

Hilo ningelivumilia. Ila jirani yetu ni yule mzee tunayemwita Mzee Redio, kwa sababu haishiwi matangazo. Alikuwa amekaa barazani kwake. Mimi nilikuwa namtajia binti yako vipimo kwa sauti ili avishike kichwani, na Mzee Redio, akidhani anatusaidia, alikuwa akivirudia kwa sauti zaidi. Leo hii mtaa mzima unajua kiuno cha mwalimu wa kwaya. Watoto wakiruka kamba huhesabu mpaka wakifikie.

4. (Hii nimeifuta. Binti yako alipita nyuma yangu akaisoma, akaniuliza kama bado nakusudia kula hapa nyumbani.)

5. Kuhusu wateja wangu kugeuzwa vibarua.

Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Wewe umeishi na sauti ile, huhitaji kuelezwa. Ni sauti iliyokuwa ikipanga foleni ya watoto wenye njaa bila fimbo. Dereva wa lori alipoletwa mbele yake na suruali yake ameishika kwa mkono mmoja isianguke, Mama hakumwomba radhi. Alimtazama mikono akasema, "Mkono mmoja una kazi. Huo mwingine je?" Mtu mzima yule, mwenye mke na watoto, akaanza kupokea matofali.

Siku iliyofuata alikuja na lori lenyewe na kuleta mchanga. Akaja na mwenziwe. Mwalimu wa kwaya alikuja kuulizia suti yake akakuta watu wamejipanga kutoka barabarani hadi mlangoni, tofali linapita mkono kwa mkono, na moja likaanguka kwenye kidole cha mtu. Akasema tatizo ni kwamba hawana mapigo. Akawapa mapigo. Sasa matofali yanakuja kwa besi na soprano, na hakuna linaloanguka.

Ubaya ni huu, Baba. Watu wanakuja kwangu asubuhi, nafurahi, namuuliza mmoja, "Umeleta nguo gani?" Ananijibu, "Sina nguo, Fundi. Nimekuja kusogeza matofali." Nguo wanazovaa zinachanika kwa kazi hiyo, na ungetegemea hapo ndipo mimi nipate riziki. Hapana. Mama anazishona mwenyewe wakati wa chai, kwa cherehani yangu.

Na mimi mwenye nyumba sikusalimika. Nilitoka siku moja kuweka mambo sawa, nimejiandaa na maneno yangu, na kabla sijafika kwenye neno la pili nilijikuta nimeshika koleo nakoroga rojo. Mama anasema rojo ni kama uji. Anza na vikavu, maji yafuate kidogo kidogo, koroga kutoka chini. Ukilichota kwa mwiko, ukaugeuza mwiko juu chini na rojo lisidondoke, limeiva. Nilipoligeuza la kwangu lilidondokea kiatu changu cha kanisani. Akasema, "Ongeza saruji, mwanangu, punguza maelezo."

6. Kuhusu kubomoa.

Hapa ndipo ningependa unielewe kama mwanamume mwenzangu. Ngazi zilishawahi kumalizika. Naam. Tulipiga makofi. Mwalimu wa kwaya aliimba. Mimi nilipanda na kushuka, nikapanda tena, nikaona maisha yamerudi. Kisha Mama akatoa pima maji, akailaza juu ya ngazi ya juu kabisa, akainama. Kile kipovu cha ndani kilikuwa kimesogea upande. Kidogo tu, Baba, kama mtu aliyesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake.

Nikamwambia hakuna atakayeona. Katika kazi yangu, pindo likienda upande unalipiga pasi, unamkabidhi mteja jioni, na asubuhi amelizoea. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mvua itaona. Maji yatakwenda upande huo, yataingia mlangoni kwako." Akachukua nyundo.

Na si kwamba ni fundi wa miaka mingi ajuaye kila kitu. Ana cheti cha kozi fupi ya uashi, aliyoisoma baada ya kustaafu, darasani na vijana walioweza kuwa wajukuu zake. Mara hii alipojenga upya alisahau kupishanisha maungio, matofali yakasimama mshono juu ya mshono. Mimi ndiye niliyemwambia. Hata shati, Mama, mishono yote ikikutana mahali pamoja huachia hapo hapo. Akasimama, akatazama, akasema, "Kweli." Akatoa mstari mzima na kuupanga tena, kila tofali likikalia mawili ya chini yake. Kwa hiyo uone hali niliyo nayo. Hata nikisema la maana, linabomoa.

Nilitegemea wale watu wa foleni watakata tamaa na kuondoka. Walifurahi. Walisema sasa kazi itaendelea.

7. Kuhusu goti.

Ngazi hizi mpya ni fupi mno. Kila moja imeinuka kidogo sana, na kwa kuwa ni fupi zimekuwa nyingi, na kwa kuwa ni nyingi zimetambaa hadi karibu na barabara. Uwanja wangu wa kuanikia nguo umemezwa. Nikamuuliza Mama, kwa heshima, kama hajakosea vipimo, maana hizi angepanda hata kuku mgonjwa.

Akasema hajakosea. Akasema amezipima kwa goti la Baba.

Nadhani unaikumbuka ziara yako ya mwisho, goti lako lilipokataa kupanda kreti. Mimi na dereva wa lori tulikuingiza ndani kwa kukubeba kama kochi, mmoja huku na mmoja kule, nawe ukaambiwa uinamishe kichwa, ukachelewa kuinamisha. Ulipotoka uliapa hutaingia tena nyumba hii mpaka upite mlangoni kwa miguu yako. Tukadhani ni hasira ya nundu ya kichwani. Mama alikuwa amekisikia kiapo kile, na alikiweka akilini.

Sasa mimi nilijua, kwa kuwa binti yako aliniambia, kwamba Mama hakuja huku kwa amani. Nilijua kuna neno kati yenu. Nikamwambia, "Mama, si umemkasirikia?" Alikuwa anafuta rojo kwenye tofali kwa kidole. Akasema, "Hasira ni zangu. Goti ni lake."

Baba, mimi ni mkwe, si mwamuzi, na mambo ya wakubwa huwa nayasikia nikiwa nimeinamia kitambaa. Lakini matofali yanajengwa kwangu, kwa hiyo nitasema kidogo. Tulipokuwa tunakoroga rojo alinieleza. Alisema ulitaka kuweka njia ya matofali kupita kwenye maua yako, kutoka getini mpaka barazani. Alikuambia ana cheti na ataijenga yeye. Ukacheka, ukasema watu watauliza kama mmeishiwa hata mkamtuma mama mzima kubeba karai. Ukamwita fundi. "Alimwita fundi mwingine," alisema. "Nami nikampelekea fundi chai."

Hakulalamika zaidi ya hapo. Aligeuza mwiko, rojo halikudondoka, akaendelea na kazi. Lakini simu ikilia hapa ndani, Mama hufuta mikono kwenye aproni, huja mpaka dirishani na kuangalia uso wa aliyeipokea. Kisha husema, "Ni mwalimu wa kwaya," nasi husema ndiyo, naye hurudi kwenye tofali lake. Mwalimu wa kwaya hupiga simu sana, kwa ajili ya ile suti. Sijawahi kumwona mtu akichukiwa bila kosa kama anavyochukiwa yeye katika dakika hiyo.

Ugomvi wenu umejengwa mlangoni kwangu kwa saruji nzuri. Hilo ndilo lalamiko langu la saba, na ningeweza kuishia hapa, lakini lipo la nane.

8. Kuhusu kuambukiza mtaa.

Mzee Redio anataka ngazi. Nyumba ya Mzee Redio haina msingi mrefu. Sakafu yake iko sawa na ardhi, na mvua ikinyesha sana iko chini ya ardhi. Nimemuuliza ngazi zitampeleka wapi. Anasema zitapanda, kisha zitashuka, kisha ndipo ataingia ndani. Anasema maisha yake yote hajawahi kushuka kutoka nyumbani kwake, na angependa watu wamwone akishuka. Mama hakumcheka. Amechukua vipimo, kwa futi yangu.

Mwenye duka naye anaulizia, na mke wa dereva pia. Baba, tafakari mwisho wake. Nyumba yenye ngazi nzuri hudai mlango wenye rangi. Mlango wenye rangi hudai pazia. Pazia likiwepo, wageni watakuja kulitazama, na kwa kuwa sasa wanaweza kupanda bila kuvunjika mguu, wataingia wote, wenye shida na wasio na shida. Watakaa. Watataka viti. Nitashona saa ngapi? Mtu mmoja akiteleza kwenye beseni la nguo, tazama, fundi cherehani mzima anafilisika kwa kutembelewa.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Umpigie Mama simu wewe mwenyewe, si kupitia kwa binti yako. Umwambie arudi nyumbani kabla ngazi ya mwisho haijawekwa, maana ikiwekwa hiyo hatutakuwa na kisingizio tena mbele ya wageni. Na kama kuna mahali popote kwenye uwanja wako panapohitaji tofali, hata kama hapahitaji, umpe apajenge, acha watu waulize wanachotaka kuuliza. Maua huota tena. Hili la mwisho nimelifikiria mwenyewe, Mama hajui kama nimeliandika.

Wasalimie wote huko. Msalimie shemeji na mumewe. Msalimie yule jirani ambaye tunasikia ndiye anayekupikia siku hizi, na umpe pole kwa niaba yetu. Msalimie na yule fundi aliyejenga njia yako ya getini, umwambie Mama anasema mchanga wa chini haukushindiliwa na pembeni patatitia mvua za kwanza. Shangazi akipita, mwambie gauni lake liko tayari, aje alichukue kwa mlango wa nyuma, kwa ubavu.

Nakuaga kwa heshima,

Mkweo mtiifu,
Fundi Cherehani
(niliye dirishani)

Nyongeza.

Baba, barua hii ilikuwa tayari mfukoni mwa shati langu, nikimsubiri dereva wa lori anayepita kwenu na mzigo aichukue. Kabla hajafika, Mama alimaliza.

Aliweka ngazi ya mwisho, akailaza pima maji, kipovu kikakaa katikati kama mtoto aliyeshiba. Akaosha mwiko. Akakunja uzi. Akaingia ndani akapanga nguo zake na kusema ataondoka na lori hilo hilo. "Kazi imekwisha," alisema. "Mgeni hasubiri kuonyeshwa mlango, hasa akiwa ameutengeneza mwenyewe." Nikamuuliza kama anarudi kwako. Akasema anapitia kwanza kwa dada yake, kisha ataona.

Foleni ilitawanyika. Mwalimu wa kwaya alikuja, akasimama chini na suti yake mpya, akakosa la kuimba. Mteja mmoja, mama wa watu, alipanda ngazi bila kutazama miguu yake, akaingia kwa mlango, nikampima nikiwa nimesimama wima kama binadamu, na nje palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia cherehani yangu ikizunguka. Ndicho kimya nilichokuomba katika namba zote zilizotangulia. Nilishona mshono mmoja, nikaufumua. Nikashona tena. Binti yako alikuwa anakata kitunguu jikoni na hakuna kilichokuwa kinapikwa.

Sitaki kurefusha. Mama alipoingia chumbani kumuaga mtoto, nilichukua nyundo nikatoka nje na kuvunja pembe ya ngazi ya chini.

Alitoka na mkoba wake. Akaitazama ngazi. Akanitazama mimi, na ile nyundo, ambayo sikuwa nimeipangia mahali pa kuificha. Nikamwambia labda ni lori limeigonga. Lori lilikuwa halijafika. Mama akaweka mkoba chini na kukunja mikono ya gauni. Akasema, "Koroga rojo, na mara hii lisidondoke."

Halikudondoka, Baba.

Basi yote niliyoandika hapo juu uyasome kama habari za mtaani tu. Nakala nyingine siandiki, mwandiko huu mzuri siwezi kuurudia. Usimwite Mama. Simu upige, tena leo, lakini ni ya kumwambia unakuja. Dereva amekubali kukuchukua atakaporudi na mzigo, kiti cha mbele, na anasema suruali ameshaizoea. Mama anataka kuanza ngazi za mlango wa nyuma, na anasema uzi una ncha mbili, mimi nikishika moja unalegea. Hakutaja nani ashike. Alikuwa anatazama barabarani.

Utapanda mwenyewe mpaka ndani. Ila ile ya chini uiruke, tutakushika mkono, saruji yake bado mbichi. Nimejifunza kwamba saruji haitaki kukauka haraka. Ukitaka ishike vizuri unaimwagilia maji asubuhi na jioni, na kadiri unavyoimwagilia ndivyo inavyochelewa. Kazi hiyo nimeichukua mimi, na wala sina haraka nayo.